Tingatinga: miaka 4 ya kuchora, jina la siku zote

Edward Saidi Tingatinga alikufa Dar es Salaam mwaka 1972, akiwa na miaka 40 hivi. Kazi ya kuchora aliifanya miaka 4 tu. Hata hivyo, toka Zanzibar mpaka Nairobi, mtu akiona chui wa madoa amesimama juu ya ubao wa rangi moja, anajua mara moja ni kitu gani, hata kama hajawahi kusikia habari za yule aliyekianzisha. Leo tunasimulia maisha yake. Tuko na sababu: hapa Bukavu vijana wengi wanafanya desen, wengine za bede, wengine za katuni kwenye kompyuta, wengine za matangazo kwenye kuta za saloni. Swali lao kubwa ni lile Tingatinga alilijibu bila kupita shule ya sanaa: namna gani kumfanya mhusika ajulikane toka mbali, kabla hata hujaona macho yake?

Mtoto wa Tunduru

Alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Namochelia, ambacho leo kinaitwa Nakapanya, wilaya ya Tunduru, kusini kabisa mwa Tanzania, si mbali na mpaka wa Msumbiji. Wakati ule inchi iliitwa Tanganyika na ilitawaliwa na Waingereza. Baba yake alikuwa Mngindo, mama yake Mmakua. Ndani ya jina lake unasikia pande mbili, Edward ya Wakristo na Saidi ya Waislamu, kama ilivyo katika jamaa nyingi za kusini. Na hilo Tingatinga halikuwa jina la utani. Kwa Watanzania tingatinga ni ile mashine kubwa ya kusukuma udongo, ile sisi tunaita katapila. Lakini kwake lilikuwa jina la ukoo tu.

Tunduru ni inchi ya pori. Tembo, nyati, simba na chui ni majirani, si wanyama wa kwenda kutazama siku ya kutembea. Mtoto wa huko anajifunza mapema kumjua mnyama kwa umbo lake, juu mara nyingi ndilo peke yake linaloonekana: mgongo katikati ya majani, pembe juu ya kichaka, mkia unaopotea nyuma ya mti. Anayengoja mpaka aone macho ya nyati amechelewa.

Masomo yake yalikuwa machache. Familia ilikuwa ya wakulima, na kule kusini kazi ya mshahara ilikuwa shida. Katikati ya miaka ya 1950, kama vijana wengi wa upande ule, akafunga mzigo akaelekea Tanga, kwenye mashamba ya mkonge. Wakati ule Tanganyika ilikuwa ya kwanza duniani kwa mkonge, ile nyuzi ya kufanyia kamba na magunia, na mashamba yake yalimeza mikono ya watu toka kila upande. Kazi ilikuwa ya kukata majani yenye miiba toka asubuhi, kwa malipo madogo.

Mwisho wa miaka ya 1950 akaacha mkonge, akashuka Dar es Salaam. Huko akapata kazi ya nyumbani na ya bustani kwa Mwingereza mmoja wa serikali, upande wa pwani ambako wakubwa wa kikoloni walikaa. Uhuru ulipokuja, tarehe 9 Desemba 1961, wazungu wengi wa serikali wakaanza kurudi kwao, na wafanyakazi wa nyumba zao wakabaki mikono mitupu. Tingatinga naye akawa mtu wa kutafuta: leo kazi hii, kesho ile, bila kitu cha kudumu. Alikaa Msasani, jirani na nyumba kubwa za Oyster Bay, lakini si ndani yake.

Ubao wa dari na rangi ya baiskeli

Mwaka 1968 akaanza kuchora. Alikuwa na miaka 36. Hakuwa na mwalimu, hakuwa na atelie, wala pesa ya kununua turubai na zile rangi za wasanii zinazokuja katika vichupa vidogo. Akachukua vilivyokuwa karibu na vya bei rahisi: mbao nyembamba za dari, zile sisi tunaita plafon, na rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ya kupaka milango na baiskeli.

Tunaomba msomaji asimame kidogo hapa, sababu karibu siri yote ya kazi yake iko ndani ya vitu hivi viwili.

Ubao kwanza. Karatasi nzima ya plafon ya futi 4 kwa 8, ukiikata kwa futi 2, inatoa vipande 8 vya mraba, bila kutupa kitu. Ndiyo maana tablo nyingi za mtindo huu ni za mraba, upande wa sentimeta 60 hivi. Mraba ni chumba kidogo. Haukupi nafasi ya kuweka mlima, mto, kijiji na kundi la watu. Unakulazimisha kuchagua mhusika mmoja, kumweka katikati, na kumnyoosha mpaka karibu kugusa kingo. Tembo akiingia humo anajaza chumba chote, na mtazamaji anasikia uzito wake.

Sasa rangi. Rangi ya mafuta ya milango haikauki upesi, na haipendi kuchanganywa juu ya ubao kama zile za wasanii. Ukiweka nyekundu juu ya manjano iliyo bado mbichi, zinaingiliana ovyo. Kwa hiyo lazima upake rangi moja, ungoje ikauke, halafu upake nyingine juu yake. Tingatinga alianza na rangi moja ya nyuma, ubao mzima. Ikishakauka, anamweka mnyama kwa rangi nyingine, bapa, bila kivuli. Ikikauka nayo, ndipo anakuja na burashi ndogo: madoa, mistari, kucha, sharubu, na mwisho jicho.

Angalia mpangilio huo. Kabla ya doa la kwanza, ubao tayari uko na chui, lakini ni chui wa rangi moja juu ya rangi nyingine: umbo tupu. Kama umbo hilo halisemi chui, hakuna doa litakaloliokoa. Wale wanaotengeneza wahusika wa sinema za katuni leo, katika studio kubwa, wanafanya mtihani uleule: wanajaza mhusika weusi mtupu, halafu wanauliza kama bado anajulikana. Kwao ni sheria wanayofundishwa. Kwa Tingatinga ilikuwa tabia ya rangi aliyoweza kununua.

Na alijua kuchagua upande. Mnyama wake anasimama ubavu, juu mgongo, shingo, mkia na miguu 4 vinaonekana vyote bila kufichana. Lakini mara nyingi kichwa kinageuka kututazama. Ubavu unatoa umbo, uso unatoa tabia. Ukimchora chui mbele tu, miguu inaingiliana na mkia unapotea. Ukimchora ubavu mpaka uso, unamjua lakini hazungumzi na wewe. Yeye akachukua vyote viwili katika mwili mmoja. Ni kosa kwa sheria za mwili, na ni sawa kabisa kwa jicho.

Umbo linazungumza hivi pia kwa namna nyingine. Mviringo unatuliza: tumbo la kiboko, mgongo wa tembo. Ncha inatisha: kucha, pembe, meno. Mstari mrefu mwembamba unainua, kama shingo ya korongo. Mtoto wa miaka 3 anasikia hayo bila kuambiwa. Tingatinga aliyatumia bila kuyapa majina, akaongeza chuku pale alipotaka: kichwa kikubwa kuliko cha kweli, miguu mifupi, mkia unaojikunja mpaka kujaza kona tupu ya ubao.

Kwa rangi, alikuwa na makopo machache. Uchache huo haukumzuia. Ulimfanya aone wazi. Rangi inayong'aa inataka jirani wa giza, na rangi ya giza inataka jirani wa mwanga. Manjano juu ya bluu inaruka mbele. Manjano juu ya nyeupe inalala. Nyekundu na kijani zikikaa pamoja zinagombana, na ugomvi huo unavuta jicho, lakini ukizidi unachosha. Mwenye makopo 5 au 6 lazima ajue jirani wa kila moja. Mwenye rangi elfu kwenye kompyuta anaweza kukaa siku nzima akitafuta, na mwisho mhusika wake anazama katika mazingira yake kama sambaza ndani ya maji.

Mkono wa Kongo uko ndani?

Kuna jambo katika habari hii linalotugusa sisi Wakongomani. Wako waandishi wanaosema kwamba Tingatinga alipata wazo la kuchora kwa kuona tablo za Kongo zilizokuwa zikiuzwa Dar es Salaam katika miaka ya 1960. Wengine wanatukumbusha kwamba Wamakua, watu wa mama yake, walikuwa na desturi ya kupamba kuta za nyumba kwa michoro, na kwamba mtoto wa Tunduru hakuhitaji kungoja mgeni amwonyeshe mnyama ukutani. Ubishi huo haujakwisha, na pengine pande zote mbili ziko na haki.

Lakini tablo za Kongo zilikuwako kweli, na ziko na historia yake. Mwaka 1946, kule Élisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua atelie iliyojulikana kama Le Hangar. Aliwaacha vijana wachore wanyama, samaki na ndege wa inchi yao bila kuwalazimisha kufuata sheria za Ulaya. Humo ndimo walimotoka Pilipili Mulongoy, Bela Sara na Mwenze Kibwanga. Bela alichora kwa ncha za vidole. Mwenze alijaza miili ya wanyama na watu kwa vimistari vifupi vifupi. Pilipili alitandaza ndege na samaki wenye maumbo safi, wazi, juu ya uwanja uliojaa nukta na majani. Romain-Desfossés alikufa mwaka 1954, atelie ikafungwa, lakini namna ile ya kuchora ikaendelea, ikaigwa, ikauzwa njiani na kuvuka mipaka.

Tukiweka ndege wa Pilipili karibu na ndege wa Tingatinga, tunaona udugu na tunaona tofauti. Wa Pilipili anaishi ndani ya pori lake. Uwanja na mnyama vinasukwa pamoja. Wa Tingatinga amebaki peke yake mbele ya rangi moja. Kama alichukua kitu kwetu, alikipunguza mpaka kikabaki kile kisichoweza kupunguzwa tena.

Umbo linaweza kutukana

Tuseme pia upande mwingine, juu sisi Wakongomani tunaujua kwa uchungu. Umbo rahisi si lazima liwe la heshima. Mwaka 1929 Mbelgiji Hergé alimzaa Tintin: uso wa mviringo, nywele zilizosimama mbele, suruali fupi ya kufungwa chini ya goti. Mpake weusi mtupu, bado utamjua. Ni kazi ya fundi. Lakini fundi huyo huyo, alipomleta Tintin wake Kongo katika mwaka 1930 na 1931, aliwachora watu wetu wote kwa umbo moja, midomo ile ile, macho yale yale, kama vile mmoja anatosha kuwa wote. Mzungu alipewa umbo la kumtambulisha yeye peke yake. Mkongomani alipewa umbo la kumficha.

Wanyama wa Tingatinga wanafuata njia nyingine. Hata nyati wake ni nyati fulani, yuko na uso wake na namna yake ya kukutazama. Hiyo ndiyo kipimo cha mhusika mzuri: anajulikana upesi, lakini hachanganyiki na mwenzake.

Chini ya mbuyu

Mahali pake pa kuuzia palikuwa nje ya Morogoro Stores, maduka ya Oyster Bay ambako wageni walikuja kununua chakula. Palikuwa na mbuyu, na chini ya mbuyu huo tablo ziliegemezwa. Mara nyingi aliyekaa hapo kuuza alikuwa mke wake, Agatha Mataka. Tunapenda kulisema hilo, sababu katika maisha ya wasanii mama anayekaa juani na kubishana bei anasahauliwa upesi. Wanunuzi wa kwanza walikuwa hasa wazungu waliofanya kazi Dar es Salaam wakati ule, wengi wao toka inchi za Skandinavia zilizosaidia serikali ya Nyerere.

Tena hapo umbo lilifanya kazi. Mtu anapita na gari, au anatoka dukani na mikono iliyojaa. Hatasimama kwa picha inayohitaji dakika 10 kueleweka. Lakini chui wa manjano juu ya uwanja wa bluu, unaong'aa chini ya mti, anamkamata toka ng'ambo ya barabara. Soko lilikuwa mwalimu wake wa mwisho, na lilikuwa kali.

Kuchora hakukumlisha mara moja. Kwa muda alifanya kazi ya chini katika hospitali ya Muhimbili, huku akichora saa za kupumzika. Baadaye shirika la serikali la sanaa likaanza kununua tablo zake, na kazi ikawa nyingi kuliko mikono yake miwili. Akaita ndugu na vijana wa kwao kusini: Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Casper Tedo, Simon Mpata. Walikaa naye, wakatazama, wakajaza madoa, kisha wakapewa ubao wao. Hakukuwa na diploma. Mtu alijifunza kwa kukaa karibu na kopo la rangi.

Usiku wa 1972

Mwaka 1972, wakati jina lake ndiyo linaanza kusikika, Tingatinga alikuwa usiku ndani ya gari pamoja na wenzake katika mitaa ya Dar es Salaam. Polisi walikuwa wakifuata wezi, wakadhani gari lile ndilo. Wakapiga risasi. Tingatinga akapigwa, akafa. Hakuwa mwizi. Waliona gari gizani wakalidhania lingine. Mtu aliyetumia miaka yake ya mwisho kuchora vitu visivyoweza kudhaniwa vingine aliondoka kwa namna hiyo.

Aliacha mke kijana, watoto 2 wadogo, na vijana wachache waliojua kuchora kama yeye lakini hawakujua kama wataweza kuendelea bila yeye.

Jina lililogeuka kitu

Waliendelea. Wakabaki palepale Morogoro Stores. Mwaka 1977 wakaunda ushirika wao wa kwanza, na mwaka 1990 wakaufanya kuwa chama kamili cha ushirika cha wachoraji wa Tingatinga. Mahali hapo pangali na wachoraji mpaka leo. Toka hapo mtindo ukafika Zanzibar, Arusha, Mombasa, Nairobi, na mbali zaidi mpaka Japani, ambako ulipendwa sana.

Hapo ndipo jina likaanza kumwacha mwenyewe. Leo watu wanasema tingatinga kama wanavyosema kitenge: ni jina la kitu, si la mtu. Jambo hili si geni. Wafaransa walikuwa na waziri wa pesa aliyeitwa Étienne de Silhouette, aliyeshika kazi hiyo mwaka 1759 kwa miezi michache tu. Alibana matumizi sana, watu wakamcheka, wakaita kwa jina lake kila kitu cha bei rahisi, pamoja na zile picha za uso zilizokatwa katika karatasi nyeusi badala ya kuchorwa kwa rangi. Waziri amesahauliwa, silueti imebaki. Tofauti ni kwamba Silhouette alikuwa tajiri na kazi yake haikuwa kuchora. Tingatinga alichora, na aliyefaidika na jina lake mara nyingi hakuwa mtu wa nyumba yake.

Mtindo wenyewe ulibadilika. Watalii walitaka vitu vingi, wachoraji wakawapa: Kilimanjaro nyuma, jua linalozama, twiga 10, soko lililojaa watu, uwanja wa rangi 2 au 3 zinazoingiliana. Baadhi ya tablo hizo ni za kupendeza, na zimelisha familia nyingi. Hatuko hapa kuzitukana. Lakini ukiirudia kazi ya mwanzo, ile ya 1968 mpaka 1972, unashangaa kuona jinsi ilivyo na vitu vichache. Mnyama mmoja, uwanja mmoja. Na sababu ya bei ya kazi zake za mkono leo, wako wanaoiga hata sahihi yake, wakiuza Tingatinga ambaye Tingatinga hakumgusa.

Mwaka 2010 wanyama hawa walianza kutembea. Studio ya Homeboyz kule Nairobi ilitengeneza katuni za Tinga Tinga Tales kwa ajili ya televisheni ya watoto ya Uingereza, zikieleza kwa nini tembo ana mkonga na kwa nini nyoka hana miguu. Wachoraji wa Afrika Mashariki walikaa mbele ya kompyuta wakawapa mwendo wanyama waliozaliwa juu ya plafon. Na kazi ile ikaonyesha kwamba yule mzee alikuwa amejenga sawasawa. Mhusika mwenye umbo safi na rangi chache anasogezwa kirahisi, na mtoto anamfuata hata akiwa mdogo kabisa kwenye kona ya skrini. Mhusika aliyejaa vitu vidogo vidogo akianza kukimbia, vyote vinageuka vumbi.

Na sisi wa Bukavu?

Tunarudi kwa vijana wetu wa Ibanda, Kadutu na Bagira. Tunawaona wakichora, na mikono yao si mibaya hata kidogo. Lakini mara nyingi tunaona mashujaa wao wanafanana: mabega ya Kimarekani, nywele za katuni za Japani, upanga mkubwa mgongoni. Ukiwapaka weusi mtupu, huwezi kujua nani ni nani, wala walitoka wapi.

Na hapa kwetu maumbo hayakosekani. Jioni, ukisimama juu ya kilima chochote kinachotazama ziwa, unaziona mashua za sambaza zikitoka: mitumbwi 3 imefungwa pamoja, nguzo ndefu zimenyooka mbele na nyuma kama ndevu za mdudu. Hakuna mtu wa Bukavu anayezidhania kitu kingine, hata mwanga ukiwa umekwisha. Panda Kahuzi-Biega: gorila mume ana kichwa kilichochongoka juu, mabega mapana kuliko mlango, mikono mirefu kuliko miguu, na mgongo wa rangi ya fedha juu ya mwili mweusi. Umbo moja, rangi 2, ameshatosha. Tazama mama anayepanda kutoka soko ya Kadutu na mzigo unaobebwa kwa kamba ya kipaji, mwili umeinama mbele, kitenge kinawaka juu ya udongo mwekundu. Ni mhusika kamili, na heshima yake iko ndani ya ule mstari wa mgongo. Huyo hasa achorwe vizuri, juu umbo lake linaweza pia kuchorwa kwa kumdharau.

Kazi ya kwanza haihitaji kompyuta. Chukua makaa au rangi moja, jaza umbo lote, weka karatasi ukutani, rudi nyuma hatua 10, muulize mtoto wa jirani ameona nini. Akisita, rudi kwenye umbo, usikimbilie madoa. Akijibu mara moja, tafuta rangi 3: moja ya mhusika, moja ya nyuma inayomsukuma mbele, na moja ndogo ya kuvuta jicho pale unapotaka litue. Funga macho nusu uone kama mhusika bado anasimama. Ndipo uanze kupamba.

Na kazi ikikwisha, andika jina lako nyuma ya ubao, na tarehe, na mahali. Piga picha kabla hujauza. Ukiwa na wenzako, fanyeni chama mapema, mkubaliane kwa maandishi jina ni la nani na pesa inagawanywa namna gani, wakati bado mnacheka pamoja. Wanafunzi wa Tingatinga walifanya hivyo miaka 5 baada ya kumzika. Angekuwa nacho yeye akiwa hai, mama aliyekaa chini ya mbuyu akiuza tablo zake pengine angezeeka na haki zaidi mkononi.